Hita ya Gari la Zamani Hutengenezwa Kuanzia kwenye Injini

Land Rover Series III ikipanda kutoka Makambako kwenda Njombe alfajiri ya Juni, dereva amevaa koti, kofia ya sufu na soksi mbili mbili. Hita anayo. Kitasa kimesukumwa hadi mwisho wa alama nyekundu, feni inavuma, lakini hewa inayofika miguuni ni vuguvugu tu. Kioo cha mbele kimefunga ukungu kwa ndani, na abiria wa mbele amekabidhiwa kitambaa cha kukifuta. Hali ni hiyohiyo kwenye Peugeot 504 inayokatiza Kinangop, au kwenye Datsun ya mzee anayekwenda Makete, ambako sakitu ya Juni na Julai huunguza majani ya viazi shambani.

Ukipeleka gari la namna hii gereji ukasema hita ni dhaifu, uwezekano mkubwa fundi ataanza kulegeza skrubu za dashibodi. Mzuie kidogo. Hita ya gari linalopozwa kwa maji haina moto wake yenyewe. Inaazima joto la maji yanayozunguka injini. Maji yakiwa na joto pungufu, hata ukinunua hita mpya kutoka Uingereza utaletewa vuguvugu lilelile. Na magari yetu mengi ya zamani yana injini zinazotembea baridi kwa makusudi. Zamani za kale gari lilichemsha likiwa Chalinze au Mtito Andei, fundi akatoa themostati, akafunga feni isiache kuzunguka, akajaza maji ya bomba, safari ikaendelea. Kwa mwenye gari wa Tanga au Mombasa dawa hiyo haikuonyesha madhara. Madhara yanaonekana siku gari linaponunuliwa na mtu wa Mufindi.

Kwa hiyo fuata mpangilio huu: kwanza hakikisha maji ni ya moto, kisha hakikisha yanafika kwenye hita, mwisho shughulika na hewa. Bahati nzuri ndio mpangilio wa gharama pia, kutoka rahisi kwenda ghali.

Anza na themostati

Asubuhi, injini ikiwa imelala usiku kucha, iwashe na uweke kiganja kwenye mpira mnene wa juu unaotoka kwenye injini kuingia kwenye rejeta. Angalia mikono ya shati, khanga au kitu chochote kinachoning'inia kisifike kwenye feni. Kama themostati ipo na ni nzima, mpira huo utabaki baridi kwa dakika kadhaa, halafu ghafla utapata moto. Kama haipo, au imekwama ikiwa wazi, mpira utapata joto polepole tangu mwanzo, kidogo kidogo, na huenda usifikie moto wa kukufanya uondoe mkono. Dalili nyingine ni mshale wa joto unaopanda ukiwa mlimani na kushuka kila unapoteremka. Injini yenye themostati nzima mshale wake hutulia.

Kuna jaribio la pili ambalo watu wa nchi za baridi wamelitumia tangu magari yaanze: chukua kipande cha boksi, ziba nusu ya uso wa rejeta kwa mbele, endesha safari fupi huku macho yako kwenye mshale wa joto. Hita ikichangamka, umeshapata jibu kwamba injini ilikuwa baridi. Boksi litoe baada ya hapo. Wapo wanaoliacha miaka, na siku ya jua kali ndipo wanapokumbuka kwamba lipo.

Sasa fungua nyumba ya themostati. Mara nyingi ni boliti mbili au tatu juu ya silinda hedi, mahali mpira wa juu unapoishia. Punguza kwanza lita chache za maji kwenye rejeta, injini ikiwa baridi. Boliti hizi zimekaa na maji miaka mingi na zinakatika kirahisi, basi zipulizie mafuta ya kulegezea kutu jioni ya jana yake, zigonge kidogo kichwani, na usiongeze mpini wa spana kwa bomba ili kupata nguvu. Boliti ikikatikia ndani ya hedi, kazi ya asubuhi moja inageuka kazi ya wiki.

Ukikuta nyumba ni tupu, fundi wako atakwambia, "Bosi, ile tuliitoa, nchi yetu hii ni ya joto." Usigombane naye, lakini mweleze jambo moja. Katika injini nyingi za zamani themostati ina kazi mbili. Inapofungua njia ya kwenda kwenye rejeta, papo hapo inaziba njia ya mkato ambayo maji hupita kurudi kwenye injini bila kupoa. Injini ya Land Rover ya lita 2.25 ni ya aina hii: themostati yake ina sketi, yaani duara la bati linaloshuka kuziba mkato huo. Ukiitoa, mkato unabaki wazi siku zote, sehemu ya maji ya moto inazunguka bila kuiona rejeta, na kwenye mlima mrefu wenye mzigo injini inaweza kuchemka kuliko ilivyokuwa na themostati. Ndiyo kusema, ile dawa ya Chalinze haikuwa dawa hata Chalinze. Mbali na hilo, injini baridi inakunywa petroli zaidi, na petroli isiyoungua huosha oili kwenye kuta za silinda.

Kwa hiyo ukienda dukani usichukue themostati yoyote inayotosha kwenye tundu. Chukua yenye umbo la ile ya asili, yenye sketi kama injini yako inataka sketi, na yenye kitundu kidogo cha kupitishia hewa. Kitundu hicho hukaa juu unapoifunga. Namba iliyogongwa kwenye bati ndiyo joto la kuanza kufunguka. Kwa Land Rover hizi utakutana na 74, 82 na 88. Ile ya 74 inafanya kazi, lakini hita itakuwa ya unyonge. Kwa mtu wa nyanda za juu ningechagua 82, au 88 kama kitabu cha gari kinairuhusu.

Kabla ya kuifunga, hata kama ni mpya, ipime jikoni. Itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, visiguse kitako cha sufuria, kisha washa moto. Inatakiwa ianze kufunguka karibu na namba yake na iendelee hadi nyuzi 10 au 15 juu zaidi. Hapa watu wa milimani wajihadhari. Kwenye mwinuko wa mita 2,000, maji ya sufuria yanachemka karibu na nyuzi 93, si 100. Themostati ya 88 itaanza kufunguka tu na kuishia hapo, kwa sababu maji hayawezi kupanda zaidi. Usiitupe ukidhani ni mbovu.

Mwinuko huohuo ndio unaofanya kizibo cha rejeta kiwe kifaa chenye maana kuliko wengi wanavyodhani. Kizibo chenye springi nzima huongeza shinikizo. Cha pauni 9 husogeza kiwango cha kuchemka kwa zaidi ya nyuzi 10. Kizibo kilichochoka ukiwa Limuru kinakuachia maji yanayotaka kuchemka nyuzi chache tu juu ya themostati yako mpya, na baada ya wiki utaambiwa, "Unaona? Nilikwambia tuitoe." Nunua kizibo kipya chenye namba ileile ya kiwandani. Na usikifungue injini ikiwa ya moto, hata kwa kitambaa.

Mwenye Peugeot 404 au 504 aangalie na feni. Magari haya yalikuja na feni inayojiunga na kujiachia kwa sumaku ya umeme: injini ikiwa baridi feni haivutwi na mkanda. Ni kazi nzuri ya kihandisi, lakini swichi yake ikifa, mafundi wengi huifunga feni moja kwa moja. Ikishafungwa hivyo, Dar es Salaam hutajua tofauti. Nyahururu utajua. Swichi, brashi ya kaboni na waya wake vinatengenezeka, na kazi hiyo inastahili kufanywa kabla hujaigusa hita.

Mipira miwili ya hita

Injini sasa imeshika joto lake, mshale umetulia. Tafuta mipira miwili myembamba inayoingia kwenye ukuta kati ya injini na chumba cha abiria, au kwenye boksi la hita lililo chini ya boneti. Hita ikiwa imefunguliwa kabisa, gusa mmoja kisha mwingine.

Yote miwili ikiwa ya moto, tofauti ikiwa ndogo, maji yanapita vizuri. Ruka hadi sehemu ya Hewa, tatizo lako liko huko. Mmoja wa moto na wa pili baridi: maji yanafika lakini hayapiti, kuna kizuizi, koki imefunga, au upepo umenasa. Yote miwili baridi wakati injini ni ya moto: koki haifunguki kabisa, maji yamepungua, au kuna mtu aliwahi kuunganisha njia ya mkato na kuitenga hita kwa sababu ilikuwa inavuja. Na kama mipira inapata moto ukikanyaga mafuta lakini inapoa gari likiunguruma limesimama, tazama kiwango cha maji, kisha ulegevu wa mkanda, kisha pampu ya maji, ambayo mapanga yake huliwa na kutu hadi yakabaki vijiti.

Koki ya hita ni kitu kidogo kinacholaumiwa mara chache kuliko kinavyostahili. Mwambie mtu avute kitasa ndani ya gari huku wewe unatazama koki yenyewe. Mara nyingi kitasa kinakwenda safari nzima lakini kebo imeteleza kwenye klipu yake, na koki inafunguka robo. Hapo tiba ni bisibisi na dakika tano. Koki ikiwa imeganda usiilazimishe kwa koleo. Ifungue, iloweke, isafishe, na kama bado inasita ibadilishe, kwa sababu koki iliyolazimishwa huanza kuvuja shina.

Likibaki suala la kizuizi, hapo ndipo penye kazi ya mikono. Ndani ya hita kuna rejeta ndogo yenye vijia vyembamba, na gari lililoshiba maji ya kisima kwa miaka 30 limevijaza chokaa, kutu na tope jekundu. Ondoa mipira yote miwili kwenye hita, ikiwa baridi. Mpira uliozeeka usiuvute kwa nguvu, maana bomba la rejeta ndogo ni la shaba laini na litajikunja au kuchanika. Chana mpira kwa kisu kwa urefu na uuache uende. Mpira ni bei ndogo, rejeta ndogo haipatikani kila duka.

Chomeka mpira wa bustani kwenye bomba la kutokea, yaani suuza kinyume na mwendo wa kawaida wa maji, ili uchafu urudi ulikoingilia. Fungua maji taratibu. Usikubali mtu alete upepo wa kompresa. Rejeta ndogo yenye umri wako haikujengwa kwa shinikizo hilo, na lehemu ya pembeni itaachia. Maji yakianza kutoka meusi au mekundu, endelea hadi yawe meupe, kisha geuza upande, kisha rudi tena. Kama yanatiririka kwa uzembe, jaza siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu kwenye rejeta ndogo pekee, iache saa moja hivi, usuuze kwa maji mengi. Rudia ukiona inasaidia. Mwisho unataka maji yatoke kwa unene wa bomba.

Yakigoma, toa rejeta ndogo uipeleke kwa fundi wa rejeta, yule wa jiko la mkaa na lehemu. Hawa ni watu wanaodharauliwa na wenye magari mapya ya rejeta za plastiki, lakini kwa gari la zamani ni hazina: atafungua kichwa, atapitisha bati jembamba kwenye kila kijia, atachomea upya na kuipima ndani ya beseni la maji. Mwambie apime kabla hujalipa.

Kuna dalili moja inayokupeleka kwake moja kwa moja bila kusuuza: zulia la mbele limelowa, kioo kinashika ukungu wenye mafuta usiofutika vizuri, na ndani kuna harufu tamutamu. Rejeta ndogo inavuja. Ukiwa safarini unaweza kuitenga kwa kuunganisha mipira miwili pamoja kwa kipande cha bomba na klampu mbili. Iunganishe hivyo, usiizibe kila mmoja peke yake, kwani kwenye injini nyingine maji ya hita ni sehemu ya mzunguko wa kawaida.

Wakati wa kujaza, acha mazoea ya maji matupu. Changanya kulanti na maji safi yasiyo na chumvi, nusu kwa nusu au theluthi moja ya kulanti kwenye maeneo yasiyo na barafu. Hata kama maji hayataganda kwako, kulanti ndiyo inayozuia kutu uliyotoka kuisafisha. Ni sumu na ina ladha tamu, basi iliyomwagika ifute kabla mtoto au mbwa hajaifikia.

Kutoa upepo

Magari mengi hurudi gereji siku ya pili kwa sababu hii. Hita mara nyingi iko juu kuliko rejeta, na upepo hupanda ukakaa humo. Simamisha gari pua ikiwa mlimani, kizibo wazi, hita wazi kabisa, injini baridi. Jaza polepole. Kama kuna skrubu ya kutolea upepo kwenye bomba la hita, ilegeze hadi yatoke maji yasiyo na mapovu. Kama haipo, legeza mpira wa juu wa hita kidogo ufanye kazi hiyohiyo. Washa, iache iungurume, minya mipira kwa mkono mara kwa mara, ongeza maji yanaposhuka, kisha funga kizibo kabla maji hayajaanza kupanda. Kesho asubuhi, likiwa baridi, tazama kiwango tena. Mapovu yasiyokwisha siku baada ya siku hayatoki kwenye hita. Shuku gasketi ya silinda hedi.

Hewa

Mipira yote ni ya moto, miguu bado baridi. Sasa ndiyo halali kufungua dashibodi.

Sikiliza feni kwanza. Pima umeme kwenye mota yenyewe ikiwa inazunguka, si kwenye fyuzi. Betri ikionyesha volti 12.5 na mota ikapata 10, umeme unapotea njiani, na mwizi wa kwanza ni waya wa ethi uliobanwa kwenye bati lenye kutu. Kwangua hadi bati ling'ae, paka grisi, bana upya.

Lipo kosa moja la kipekee kwa magari ya Uingereza. Mengi ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yalitoka kiwandani na ethi chanya, na baadaye yakageuzwa kuwa ethi hasi ili yafungwe redio. Mota za sumaku ya kudumu zikigeuziwa waya huzunguka kinyume. Feni yenye umbo la pipa ikizunguka kinyume haivuti hewa kurudi nyuma; inaendelea kupuliza, ila kwa unyonge, na kwa hiyo hakuna anayegundua. Badilisha nafasi ya waya mbili za mota uone. Mota nyingine za zamani hazina sumaku ya kudumu na hazijali, hizo ziache.

Kisha sponji. Kuzunguka rejeta ndogo kulikuwa na ukanda wa sponji unaoibana kwenye boksi lake. Baada ya miaka 40 umekuwa unga. Hewa sasa inapita pembeni ya rejeta ndogo badala ya kupenya ndani yake, na inatoka baridi ilivyoingia. Sponji nene ya kujibandika kutoka duka la fenicha inatosha, mradi izibe kila upande. Ukiwa umefungua, toa majani, manyoya ya kuku na kiota cha panya, hasa kwenye Series III, ambayo hewa ya hita huingilia kwenye wavu ulio ubavuni mwa bawa la mbele. Vilango vya kugawa hewa ya kioo na ya miguu navyo vina kingo za sponji, zibandike upya.

Hita za duara za Land Rover za kabla ya hapo, zinazokaa chini ya dashibodi, huzungusha hewa ya ndani ileile. Zinapasha miguu lakini unyevu wa pumzi hauna pa kwenda, basi fungua dirisha upana wa kidole.

Mwisho ziba baridi inapoingilia: raba za milango, ngozi ya gia, matundu ya waya na pedali kwenye ukuta wa injini. Matundu haya yazibe kwa sababu nyingine pia, maana yanayopitisha baridi hupitisha na moshi.

Kama gari lako ni Volkswagen Beetle

Karibu yote niliyosema hayakuhusu. Beetle haina maji. Hewa ya feni ya injini hupita kwenye maboksi yanayozunguka mabomba ya moshi, ikapata joto, ikasafiri chini ya milango hadi mbele. Udhaifu wake ni wa aina nne: kebo za vilango zilizokatika chini ya gari, mifereji ya chini ya milango iliyooza, mipira ya karatasi ya kuunganisha iliyochanika, na maboksi ya bandia yasiyo na mapezi ya ndani, ambayo kwa nje yanafanana na ya asili lakini hayapashi kitu. Ukinunua, chungulia ndani.

Lakini kabla ya kutafuta joto, kagua bomba la moshi lililo ndani ya boksi. Likitoboka kwa kutu, gesi ya kaboni monoksaidi inaingia moja kwa moja kwenye chumba cha abiria. Gesi hiyo haina harufu wala rangi. Kichwa kikianza kuuma na usingizi ukaja hita ikiwa wazi, fungua madirisha, simama, toka nje. Boksi lililotoboka usilizibe kwa bati wala kwa saruji ya ekzosi. Funga vilango vya hita, vaa koti, na usivifungue tena hadi boksi jingine lifungwe.